Barua Ndani ya Kifuniko

Mwalimu Eteri,
sanduku hili linapanda kwenu juu ya mkokoteni wa magogo,
maana gari la posta limegoma darajani
na Jokola anasema theluji ya mwaka huu haina subira.
Litafika likinuka msonobari. Usijali.
Vitabu ni arobaini na kimoja.
Paka alikilalia kimoja, nikahesabu upya.

Anza na mfuko wa kitani. Vitabu baadaye.
Mna kengele ya ng'ombe, soksi moja, jiwe la mtoni,
na ufunguo usio na kufuli:
vyote vimo katika hadithi ya bibi aliyesahau mlango wake.
Waache watoto wavishike kwanza, wagombanie, waviangushe.
Mkono ukishaijua kengele,
jicho halitalikimbia neno.

Kadi za herufi ni thelathini na tatu,
ila ile inayokwama kooni kama mwiba wa samaki
nimeichora mara mbili. Hupotea.
Huipoteza makusudi.
Nami niliipoteza nikiwa darasa la kwanza,
niliisukumia chini ya jiko la kuni
nikijua mwalimu wetu hawezi kuinama.

Nyumbani kwao ni Kisvani, kwako darasani ni Kijojia.
Lugha ya mama usiiache nje ya mlango
kama viatu vyenye matope.
Nyuma ya kila picha nimeandika maswali matatu kwa penseli.
La tatu halina jibu.
Siku utakapolijibu, lifute, uandike jingine.

Kipande cha kadibodi chenye dirisha jembamba
ni cha Mirian, dawati la nyuma, karibu na makoti.
Mistari humjia yote kwa pamoja
kama kondoo getini,
na dirisha hili hupitisha mmoja mmoja.
Usimpe peke yake mbele ya wenzake.
Kata vingine kumi na viwili, wape wote, sema ni mchezo.

Projekta hakuna. Niliomba.
Wilaya ilinijibu kwa barua nzuri sana, ya kurasa nne,
yenye mihuri miwili.
Karatasi yake ni ngumu, na upande wa pili ni mweupe:
nimepata alama za vitabu kumi na sita.

Sasa, kile chenye jalada la kijani.
Ni cha dubu aliyefungua duka la asali.
Ukurasa wa mwisho uliraruka majira ya ndama kuzaliwa,
na nilipouliza, kila mtoto alitazama dari.
Kikarudi kwangu na karatasi ya daftari
iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, mwandiko wa Nestan, miaka tisa:
*Dubu hakurudi kwa sababu hakuwa amekwenda.
Alikuwa amelala nyuma ya duka.
Asali tuliila sisi.*

Niliagiza ukurasa halisi kutoka mjini.
Ulichukua miezi mitano kufika,
msafi, umenyooka kama shuka la hospitali.
Umo kwenye bahasha, chini kabisa.
Gundi nilikuwa nayo, Eteri, na muda pia,
na bado sikuubandika.
Wasomee mwisho wa Nestan.
Kisha uliza, taratibu, nani mwingine aliionja.

Daftari la kuazima limefungwa kwa kamba.
Andika hata jina la anayeazima kitabu akalalie tu,
hata la yule anayekirudisha asubuhi yake
akisema kilikuwa kizuri, na hajakifungua.
Hasa huyo.
Mpe tena, kilekile.

Nisiyokuandikia utayaona mwenyewe.
Sanduku lirudi njia ikifunguka.

Kifuniko kinabana upande wa kushoto. Kipige ngumi.

Tsiuri, maktaba ya chini