Jembe Ulilorudisha na Tope

Bwana Kegode,
jembe nimelikuta asubuhi, limeegemea ua,
tope jekundu limekauka mabegani mwake
kama uji uliosahauliwa kwenye sufuria.
Sikukasirika. Naongopa: nilikasirika
hadi chai ikapoa.

Sikiliza, maana aliyepaswa kukwambia haya hayupo.

Tope halingoji kesho. Likwangue likiwa bichi,
kwa kijiti, si kwa jiwe; jiwe huacha mkwaruzo
na penye mkwaruzo kutu hupewa kiti.
Kisha gunia kavu. Kisha ile ndoo ya mchanga
niliyoichanganya na oili chafu ya pikipiki ya Amugune:
chovya bapa mara tatu, nne, litoke liking'aa
kama paji la mtoto anayepelekwa kanisani.
Usililaze nje. Umande una meno.

Mpini umelegea, najua, ulilegea kabla yako.
Ukaulowesha kwenye karai usiku kucha,
ukavimba, ukakaza, ukajiona fundi.
Jua la Chavakali likiwaka utalegea kuliko jana.
Dawa yake ni kabari ya mti mkavu,
mpera ukiupata,
igongwe polepole, huku unasikiliza.

Halafu tupa.
Tupa si ya kutupa, mzee wangu.
Isukume mbele, upande mmoja tu,
usiirudishe ikisaga kama msumeno.
Chuma kikisema *sii* kimeridhika.
Kikipiga yowe umekosea pembe.

Na ule utupa (ona lugha inavyotucheza),
ule mche wa maua meupe ulioung'oa Jumanne ukidhani gugu,
Jendeka aliupanda mpakani kwa makusudi.
Fuko hawaipendi mizizi yake, au ndivyo alivyoamini;
na viazi vyake vitamu, lazima ukubali,
havikuwahi kugugunwa.
Nina miche miwili nyuma ya choo. Njoo uchukue.

Pale karibu na jiko, mchaichai umekuwa kichaka.
Ukate chini, ubakize urefu wa kidole, utashukuru mvua ikija.
Mnanaa uurudishe kwenye sufuria iliyotoboka:
ukiuachia ardhi utadai hati ya shamba,
nasi huku Vihiga hatuna shamba la kugawa.
Rosmari haitaki maji mengi.
Nakuona kila jioni na birika, ukiimwagilia
kama mtu anayelipa deni.
Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili.
Kikitoka na unyevu, nenda ukalale.

Mbegu za mrenda
ziko kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
zimechanganywa na majivu, darini, juu ya moshi.
Usizimwage ukidhani ni vumbi.
Zisie mkono ukiwa mwepesi, kama unatia chumvi,
na usizifukie kama unazika

samahani.

Umesema utaninunulia mpini mpya sokoni Luanda.
Usinunue.
Miaka kumi na tisa aliliazima jembe hili
na miaka kumi na tisa likarudi safi,
fungu la mboga limefungwa mpinini kwa ukoka.
Ukiushika vizuri utahisi mabonde mawili.
La juu ni la kiganja changu.
La chini si langu.
Weka mkono hapo unapolima.

Jumamosi nitakuja na tupa, wewe uwe na gunia.
Tutaanzia na panga lako, ambalo, Mungu anisamehe,
halikati hata siagi.
Na chai usinipikie kwa mnanaa wa saa nane mchana,
uliolegea kwa jua.
Uchume asubuhi, umande ukishakauka tu,
juu ya jozi ya majani,
ili pachipuke pawili.