Tundu la Nne

Kompyuta yetu ina ukubwa wa pakiti ya karata.
Csongor aliipandisha mnarani ndani ya mfuko wa mkate,
vidato sitini na viwili, kila kidato kinyesi cha popo,
akaifunga kwa skrubu kwenye boriti, juu ya kengele.
Kazi yake kuhesabu popo watokao jioni. Basi.

Matundu mawili, vifaa vinne.
Tukaleta kigawanyo kutoka Szolnok:
njia moja yaingia, nne zatoka.
Nilipaswa kushtuka hapo hapo.
Nani amewahi kuona uji ukiongezeka chunguni
kwa sababu vikombe vimeongezwa?

Kamera ya gizani: ikawaka.
Maikrofoni ya milio isiyofika masikioni mwetu: ikawaka.
Antena: ikawaka.
Diski, tundu la nne, ikajikuna, trr, trr,
kamera ikafumba jicho,
na pembeni mwa skrini kiradi cha manjano,
punje ya mtama,
kikazimika kabla sijashusha miwani.

Csongor akailaumu diski. Mimi nikamlaumu Csongor.
Mchungaji Vencel, aliyetuletea mkate wa mafuta na vitunguu,
akasema ndivyo ilivyo kwaya yake:
kila mmoja mzuri bafuni kwake,
Jumapili wakisimama pamoja, paa linalia.

Tukabadili kigawanyo, safari hii chenye umeme wake.
Usiku nikaichomoa kompyuta ipumzike;
taa yake nyekundu ikabaki imenikodolea.
Nimechomoa, bado i hai!
Umeme ulikuwa ukirudi kinyumenyume kutoka kigawanyoni,
mtoto anamnyonyesha mama.
Sikupenda. Nilishuka vidato bila tochi.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kituo cha simu,
nikiwaunganisha watu wa mto Tisza na dunia kwa vidole.
Ningejua. Ningepaswa kujua.
Asubuhi nikapanda na mita.
Ukutani: volti tano na nukta moja.
Mwisho wa waya: nne na nusu,
na diski ikijikuna, chini zaidi.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
hawasemi kwamba kibaba huvuja vivyo hivyo.

Waya ulikuwa wa Ambrus.
Mweupe, mwembamba, mita tatu,
umefungwa plasta pale alipozoea kuukunja.
Aliununua mrefu ili simu imfikie kitandani,
wodi ya ghorofa ya pili, soketi nyuma ya kabati.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii nisingeivua kwa kuambiwa tu.

Waya mpya ni mfupi, mnene, hauna historia.
Jana: popo mia nne kumi na wanane. Kiradi hakuna.

Profesa wa Debrecen, kwa zile siku tisa,
alikuwa ameandika sifuri, sifuri, sifuri.
Nikampigia. Nikamwambia afute.
Walitoka, nikasema, kila jioni walitoka.
Sisi ndio tuliokuwa na njaa.

Waya wa Ambrus sasa unalisha saa ndogo
kando ya kitanda changu.
Saa inakula kidogo.
Unatosha.