Waya wa Nne

Nimefungua kasha la swichi katika kibanda cha pampu,
Baba Dogo, nyuma ya kiwanda cha magodoro,
saa tatu asubuhi, tope la jana likinikaukia viatuni.
Nyekundu ipo. Manjano ipo. Buluu ipo.
Ya nne siioni.
Nimepapasa mpaka chini ya glandi, kama mtu
anayetafuta funguo katika koti la kuazima.

Mita mia tatu na arobaini za kebo ya deraya
zimelala chini ya ukoka, zimeshafukiwa, zimeshalipiwa,
na aliyezinunua alifikiria mota tu:
mota haina haja na nyutro, mota hutosheka na tatu.
Kweli. Lakini mota haijiwashi.
Humu mna koili ndogo, kama kiberiti,
inayovuta kontakta ifumbe mdomo,
nayo imeandikwa ubavuni: mia mbili na arobaini.
Napima fezi kwa fezi, mita inanijibu
mia nne na kumi na tano.
Mtoto aliomba kikombe, anapewa karo la maji.

Onsongo kachuchumaa mlangoni, anatafuna muwa.
"Syombua, unajisumbua. Si ardhi ipo?
Mguu mmoja wa koili upe fezi,
wa pili upeleke kwenye deraya. Itawaka.
Nilifanya hivyo Kariobangi, inawaka mpaka leo."

Itawaka, najua.
Uongo wake uko hapo hapo, kwamba unawaka.
Unawaka mwaka, unawaka miwili,
hadi kiungo cha ardhi kiliwe na kutu
na deraya, badala ya kuurudisha umeme kwao,
iushike mkononi ikingoja mgeni.

Na mgeni namjua. Anaitwa Akumu.
Huja saa kumi na madebe mawili ya njano,
peku, maana tope la hapa hula ndala,
na bomba analolishika limeungana, chuma kwa chuma,
na kasha hili.

Ardhi si nyutro. Ardhi ni shahidi,
huitwa siku ya damu.
Ukimtuma shahidi sokoni kila asubuhi,
siku ya kesi utampata wapi?

Basi nikaenda mjini, Luthuli,
duka lenye upana wa mlango wake,
nikarudi na transfoma yenye uzito wa pakiti ya unga.
Bwana Gatimu akaitazama risiti mbele na nyuma:
"Elfu tano na mia nane? Kwa ajili ya kitufe?"
Nikamwambia, kwa ajili ya kitufe.

Nikaikalisha kati ya nyekundu na buluu.
Hizi hazijawahi kupatana, moja hupanda
nyingine ikishuka, mara hamsini kwa sekunde,
wala sikuziomba zipatane.
Nilichota katika tofauti yao.
Fyuzi mbili juu, maana huko pande zote ni moto.
Chini, fyuzi moja,
na ule mguu mwingine nikaufunga kwenye ardhi,
mara moja, mahali pamoja,
nikauvika utepe mweusi, nikaandika kwa kalamu: N.
Haikuletwa na kebo yoyote. Imezaliwa humu kashani.

"Kumbe umefunga kwenye ardhi vilevile," akasema Onsongo.
"Nimefunga ishike. Sikufunga ibebe."
Akatema makapi. Hakucheka.

Nikabonyeza kijani.
Kontakta ikabisha mara moja, ta,
kisha ule mngurumo wa chini kwa chini,
na bomba likakohoa hewa, likakohoa kutu,
likatoa maji.

Jioni, tukifunga sanduku la vifaa,
akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari,
lile duka la Luthuli
hufungwa saa ngapi.