Mkono Ninaoujua

Swichi nimeizima, taa ya dari haiwaki,
na bado testa, nikiigusisha holda,
inafumbua jicho lake jekundu.

Mtu kakata nyutro, moto kauacha upite.

Nashuka. Nazima swichi kuu ukumbini,
nafungua kifuniko: skrubu zimeliwa na chumvi,
vumbi la chokaa, ganda la yai la mjusi,
na nyaya mbili zimesokotwa kishotoshoto
mara nne, ncha ikakunjwa ndani.

Hapa Jadida, Wete nzima,
hakuna anayesokota hivi
ila mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Umeme wa Tanga
ndio kwanza umepita chini ya bahari ukaibukia Wesha,
kila nyumba inaita fundi, nami nikijua
kwamba taa ikiwaka, kazi imekwisha.

Miaka yote hiyo Bi Kazija akibadilisha globu
juu ya kiti cha plastiki kilichopasuka mguu,
mikono imetoka kuosha mchele.

"Pana nini, Asaa?"
"Pana kosa, bibi."
"La nani?"

Nakata, naanza upya. Mwekundu uingie kwenye swichi,
mweusi wende moja kwa moja taani,
wa kijani na njano ushike chuma, ushuke ardhini.
Nakaza. Navuta kila waya: haung'oki.
Navuta tena.

"Nimekuuliza, la nani?"
"Langu."

Akakitazama kile kiti, kitambo.
Akaviangalia viganja vyake, hiki, na hiki.

"Basi leo hulipwi."