Nusu Mzunguko

Bi. Kerubo aliileta kwa mkokoteni kutoka Ngara,
imefungwa kwa shuka la hospitali, kilo kumi na tisa,
redio ya kupokea na kutuma ya marehemu kakaye,
fundi mitambo wa Posta.
"Fundi wa kwanza kasema inasikia vizuri," akaniambia,
"ila haijui iko wapi."

Nikaiweka mezani, ghorofa ya tatu, Luthuli.
Chini yangu wanauza spika, zinabishana tangu saa mbili asubuhi.
Nikangoja wafunge.
Valvu zikawaka polepole, rangi ya chungwa bovu,
vumbi likanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati.

Kweli: mshale ulisema saba nukta sufuri arobaini,
kipimo changu, arobaini na tatu.
Kilohezi tatu. Kwa mpita njia si kitu;
kwa msikilizaji ni kubisha mlango wa rafiki
ukaitikiwa na mbwa wa jirani.

Bisibisi ya chuma haiingii humo,
chuma hukipotosha kile unachokipima.
Nikachonga mpini wa mswaki, ncha bapa kama ulimi wa njiwa.
Nikageuza koili ya kwanza robo, ya pili ikalalamika.
Nikaibembeleza ya pili, ya tano ikanuna.
Usiku wa kwanza.
Usiku wa pili.
Wa tatu stima ikapotea mtaa mzima
nami, kama mbaazi, nikalisingizia jua:
nikalaani joto, kokwa za sumaku, aliyeishika kabla yangu.

Aliyeishika kabla yangu alikuwa ameandika.
Kwenye kifuniko cha chini, kwa tochi ya simu,
penseli, herufi ndogo za mtu wa telegramu:
*L7, nusu mzunguko, basi. Iko sawa. Agosti 1979.
Ukiona imekosea, kipime kipimo chako.*

Nilicheka gizani, kicheko cha mwizi aliyemulikwa.

Stima iliporudi, saa tisa usiku,
nikarudisha kila koili nilikoitoa
(nilikuwa nimehesabu, angalau hilo),
nikatafuta kituo cha saa cha ng'ambo, megahezi kumi.
Sekunde zikadondoka, tik, tik, kama bomba la jikoni.
Mluzi ukashuka, ukashuka, ukawa pumzi,
ukanyamaza.
Nikatazama mshale: kumi, kamili, bila unywele.
Mlevi alikuwa kipimo changu,
nilichonunua hapa hapa chini, pamoja na hati ya dhamana.
Sikuuliza fundi wa kwanza alinunua wapi chake.

Asubuhi Bi. Kerubo akauliza bei.
Nimefanya nini? Nimekwenda mbali nikarudi nilikoanzia.
Nikamtoza mswaki.

Hakuondoka. Kutoka mahali fulani
nukta na vistari vilikuwa vikichuruzika kwenye spika,
na kidole chake, sijui kama alijua,
kikagonga meza, nyuma kidogo ya sauti.
Miaka yote ile, ukuta mmoja na kaka.

"Huyu ana papara," akasema.
"Kaka asingemjibu."