Uzi Mwekundu

Nilikwenda kutoa damu, si kutafuta habari.
Hema lilikuwa karibu na Kencom, soda ya bure,
na muuguzi akausifia mshipa wangu.
Wiki tatu baadaye, simu:
"Muthiani, njoo mwenyewe.
Damu yako hatukumpa mtu."

Homa ya ini, aina ya B.
Ya zamani, alisema, kama mpangaji asiyelipa kodi
wala asiyepiga kelele.
Nikauliza nimeipata wapi.
Akauliza: "Mama yako yu hai?"

Nyumbani Jericho, mama mdogo Syokau
alishika usukani jioni hiyohiyo.
Kikombe changu kikafungwa uzi mwekundu.
Sahani yangu ikaoshwa peke yake, maji ya moto,
na mtoto wa jirani akinikimbilia mapajani
anaitwa upesi, anapewa maharagwe achambue.

Na wembe?
Wembe ulibaki palepale, dirishani pa bafu,
juu ya kipande cha sabuni.
Wembe mmoja, videvu vitatu:
changu, cha Kyalo, cha baba enzi zake.
Kikata kucha kilizunguka vitanda vyote
kila Jumamosi, tujiandae kwa kanisa.
Hakuna aliyevifunga uzi.

Tukapimwa. Mama, ndiyo. Kyalo, ndiyo.
Ndinda, na mimba yake ya miezi saba, ndiyo.
Mama akatazama sakafu.
"Niliwapa kwa maziwa?"
"Si maziwa, mama. Si ugali, si kukumbatia.
Ni damu, siku ya kuzaa.
Nawe pia ulipewa."

Basi akahesabu kurudi nyuma, kwa vidole:
nyanya, tumbo lililojaa maji, tukasema karogwa;
mjomba Mumo, macho ya manjano, tukasema pombe,
naye hakuwahi kuonja hata kaluvu.
Makaburi mawili ya Kitui
yakabadilisha maelezo siku moja, Nairobi,
kwenye benchi la plastiki.

Ndinda alijifungua Pumwani, alfajiri.
Kabla ya uji wa saa nne
mtoto alishadungwa sindano mbili, paja hili na lile,
akalia kwa hasira ya mwenye haki.
Ananyonya. Jina bado.

Nimenunua nyembe, kila mtu na rangi yake.
Uzi nimeufungua kikombeni,
nimeufunga kwenye wembe wangu.

Mama mdogo, aliyezaliwa na nyanya yuleyule,
bado hajaenda kupimwa.
Anasema miguu inamuuma.