Nyumba ya Milango Mitano

Ilijengwa na mlango mmoja, wa mabawa mawili,
ukitazama mashamba ya karanga ya Kongwa
yaliyokula fedha yasirudishe hata mbegu.
Ukuta wake wa mawe: upime kwa mkono, kidole hadi kiwiko,
utabakiwa na shibiri nzima ya jiwe.

Meneja akaenda zake. Wakaja wa ranchi, wakaenda.
Kisha tukaja sisi, kaya tano, na fundi Malogo
na timazi, kamba, matofali ya udongo
na karatasi ya halmashauri iliyokunjwa mara nne.
Mlango mkubwa aliuziba kwanza.
"Huu ni wa wote," alisema, "utawagombanisha."
Akatoboa mingine mitano,
siku tisa kila tundu. Patasi nne zilikufa.

Sebule aliikata katikati. Ukuta wake ulifika dirishani,
ukasita, ukapita hapohapo:
Ndahani ana vioo vitatu vya asubuhi, sisi vitatu,
na komeo liko kwake.
Mahali pa kuotea moto alipata Mama Nyemo, akafuga kuku;
bomba la moshi linapita kwetu,
basi jogoo wake huwika ndani ya ukuta wetu.
Mwalimu Mnyawami alipata bafu.
Hodhi lile jeupe amelijaza mtama.
Panya hupanda, huteleza, hupanda tena.

Na Chibago, kwa kuwa hakuwa na mke, akapewa ukumbi:
nyumba ya kuishi kwa foleni,
baiskeli, meza, kitanda cha kamba, Chibago.

Matofali yalimwishia Malogo kimo cha mtu na nusu.
Juu ya hapo giza ni letu sote.
Ukikohoa usiku, "pole" inashuka kutoka darini,
na asubuhi hujui umshukuru nani.

Mwaka huu Chibago ameoa, ana miaka arobaini na mitatu.
Akaleta kitanda cha mninga, sita kwa sita.
Hakupima. Tulimuuliza, akacheka.
Ukumbi una futi tano na kidogo.
Wiki tatu kitanda kililala barazani, wao juu yake,
upepo ukiwatandikia vumbi.

Jana radi ya kwanza. Tukatoka na nyundo, hakuna aliyeitwa.
Nyuma ya matofali ya Malogo mabawa yalikuwapo bado;
bawaba zikalia kama mbuzi.
Kwa ubavu kitanda kilipita,
lakini kitanda cha ubavu hulaliwa na nani?
Tukakilaza. Kikagoma kiunoni.
Jiwe halina udugu na seremala.

Sasa kichwa kiko ndani, miguu iko barazani,
mvua inapiga mchago mmoja tu.
Ndahani anataka msumeno. Malogo ametumiwa mtu.
Na pale mlangoni Damari amekaa, mgongo kwenye jiwe,
anamenya karanga,
na kila apitaye, maana sote sasa tunapitia huku,
viatu mkononi, juu ya godoro,
humtilia chache kiganjani.